Kisiwa Kisichokusubiri

Anayeanza kucheza Morrowind kwa mara ya kwanza, mara nyingi hushindwa na kaa. Si joka wala jini la mlimani, ni kaa wa tope anayetambaa kando ya maji, hatua chache kutoka bandari ndogo ya Seyda Neen. Mgeni anainua kisu chake, anashusha. Kwa macho yake mwenyewe kisu kimepita katikati ya gamba. Kompyuta inasema umekosa. Anashusha tena, amekosa. Tena. Kaa naye hana haraka, anamfinya, anamfinya, mpaka mtu mzima anakufa ufukweni. Wapo waliolizima gemu hapo hapo wasilirudie, na sina la kuwalaumu.

Jioni hii nataka tulizungumze gemu hilo, ambalo jina lake kamili ni The Elder Scrolls III: Morrowind. Lilitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwezi Mei mwaka 2002, kwa hiyo wamo wanaonisikiliza sasa ambao gemu hili limewazidi umri. Ni katika yale magemu ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani, akamkuza kidogo kidogo kwa ujuzi na mali, akatangatanga naye katika nchi ya kubuni yenye miungu, wachawi na magofu. Kila linapotoka gemu jipya la aina hii, watu wazima hulikumbuka hili kwa sifa nyingi mno, na vijana hulijaribu wakakutana na yule kaa. Ugomvi huo nimeusikiliza vya kutosha, na naona pande zote mbili zinachanganya mambo. Kero za Morrowind si za aina moja. Nyingine ndizo bei ya utamu wake, ukiziondoa na utamu unaondoka nazo. Nyingine ni kero tu, hazikurudishii kitu. Mpenzi wa gemu hutetea kapu zima, na anayelichukia hulimwaga zima.

Kwa asiyelijua, hadithi inaanza hivi. Wewe ni mfungwa. Umeletwa kwa jahazi la serikali mpaka kisiwa cha Vvardenfell, na hujaambiwa kosa lako wala sababu ya kuachiwa. Ofisini wanakuandikisha jina, kabila, nyota uliyozaliwa nayo na kazi unayoijua. Wanakupa bahasha umpelekee mtu anayeitwa Caius Cosades, mjini Balmora. Kisha mlango unafunguliwa na hakuna anayekufuata. Ukitaka kwenda Balmora, nenda. Ukitaka kuichukua njia ya kushoto ukapotelea kwenye vinamasi, ni hiari yako. Hapo karibu kuna maiti ya mtoza ushuru aliyeuawa, na mfuko wake wa kodi bado anao. Hakuna aliyekutuma kumtafuta. Ukimwona, unaweza kupeleka habari ofisini na kurudisha fedha, au ukanyamaza na kuziweka kibindoni. Ukiamua kumsaka muuaji utamkuta ni mkazi wa palepale, na atakueleza kwamba marehemu alikuwa akiwanyonya watu kwa kodi kupita kiasi. Muda wote huo hujapiga hata hatua moja katika hadithi kuu.

Na ukimfikia huyo Caius, unamkuta kifua wazi katika chumba kimoja, mtu ambaye kwa kumtazama usingemkopesha hata nauli, kumbe ni jasusi mkuu wa mfalme kisiwani. Anakutazama, anakupa fedha kidogo, anakwambia wewe bado hujawa mtu wa kupewa kazi: nenda kajiunge na chama chochote, ujifunze mambo, kisha urudi. Sijui magemu mengi ambayo mwenye kutoa kazi kuu hukufukuza siku ya kwanza.

Tuje kwenye ukubwa, maana ndicho kitu magemu haya hujivunia. Miaka sita kabla ya Morrowind, kampuni hiyohiyo ilitoa Daggerfall. Nchi ya Daggerfall ilitajwa kuwa na kilomita za mraba zipatazo 161,000, kama Unguja mia moja zilizopangwa pamoja, na ndani yake miji na vijiji takriban 15,000. Haikupangwa na mkono wa mtu. Kompyuta ilipewa kanuni, nayo ikazaa nchi nzima. Ukishapita vijiji kumi umeviona vyote. Kwa Morrowind, kundi lililoongozwa na Todd Howard, na Ken Rolston akiwa mbunifu mkuu, liligeuza mwendo. Walichukua kisiwa kimoja kisichofika kilomita za mraba 30, wakakipanga wao wenyewe, kila jabali, kila taa, kila kijiko. Ukiingia kwenye kibanda cha mvuvi, sahani iliyo mezani imewekwa pale na mtu aliyekuwa akimfikiria mvuvi huyo.

Na ajabu ni kwamba kisiwa kile kidogo, ukiwa ndani yake, hukioni mwisho. Kuna sababu kadhaa na si zote za makusudi. Katikati umesimama mlima wa moto, Red Mountain, na kutoka kwake yanashuka mabonde marefu ambako lava ilipita zamani. Mabonde hayo yanakulazimisha kuzunguka: unauona mji pale, lakini njia inakupeleka kwingine kwanza. Mwendo wako ni wa pole, hasa mwanzoni. Halafu kuna ukungu. Kompyuta za mwaka 2002 hazikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya mbali, hivyo kila kilicho mbele kimefunikwa na weupe, na wakati wa dhoruba ya majivu huoni hata mkono wako. Baadaye wapenzi wa gemu walitengeneza programu za kuuondoa ukungu huo ili mtu aone mpaka upeo wa macho. Nimeitazama Vvardenfell bila ukungu. Miji inachunguliana kama majirani, na nyika niliyodhani ni safari ya kutwa nzima ni kiwanja tu. Ule udhaifu wa mashine ulikuwa umetufanyia wema.

Sasa kero ya kwanza ninayoitetea, nayo ni maelekezo. Katika magemu mengi ya leo, ukipewa kazi unapewa na mshale. Unafuata mshale, unafika, unachukua, unarudi. Unaweza kumaliza gemu zima bila kujua jina la mji hata mmoja. Morrowind haina mshale. Mwenye kazi anakueleza njia kwa maneno, kama anavyoelezwa mtu njiani: toka kwa lango la kusini, pita ngome, shika njia ya mashariki, utaona daraja la kale linalovuka bonde, ng'ambo yake ndiko. Maneno hayo yanaandikwa kwenye daftari lako, na kuanzia hapo ni juu yako. Mahali pengine aliyekuelekeza amekosea, mashariki ikawa magharibi, na unaweza kuzunguka jabali lilelile mpaka usiku. Moja ya kazi za mwanzo ni kutafuta kijisanduku cha chuma katika magofu ya Arkngthand, na wachezaji wengi wamekizunguka kisanduku hicho bila kukiona, kwa sababu ni kidogo na kiko rafuni pamoja na takataka nyingine. Hata mlango wa magofu haufunguki mpaka ugundue kwamba kuna mkono wa kuzungusha kwenye bomba, nje, mbali na mlango.

Inaudhi, nakubali. Lakini aliyecheza Morrowind miaka 20 iliyopita anaweza kukutoa Balmora mpaka Ald'ruhn leo hii bila ramani. Anakijua kisiwa kama anavyojua mtaa aliokulia, kwa sababu alilazimika kutazama. Na kuondoka kwa maelekezo hayo katika magemu yaliyofuata kuna sababu ya kimashine ambayo watu huisahau. Morrowind ni gemu la kusoma, watu wake huzungumza kwa maandishi na sauti ni salamu chache tu. Oblivion, lililofuata mwaka 2006, mazungumzo yake yote yamerekodiwa na waigizaji. Kurekodi ni gharama, basi maneno yakapunguzwa, na maneno yakishapunguzwa nani atakueleza njia? Mshale ukaingia. Sisemi sauti ni mbaya, nasema tulilipa kwa kitu.

Usafiri nao uko hivyohivyo. Huwezi kugusa ramani ukatua unakotaka. Kuna madereva wa silt strider, mdudu mwenye miguu mirefu kuliko nyumba ya ghorofa, ambaye gamba lake limechimbwa ndani ili abiria wakae. Hilo ndilo daladala la kisiwa, lina vituo vyake na nauli yake, na haliendi kila mahali. Kuna mashua za pwani. Kuna wachawi wa chama ambao watakutuma kwenye mji mwingine kwa ada, ila kwenye miji yenye ofisi zao tu. Kuna uganga wa kuweka alama mahali na kuirudia baadaye, na mwingine wa kukurudisha kwenye hekalu lililo karibu. Mchezaji aliyekomaa huziunganisha njia hizi kichwani: nitashika alama hapa, nitapanda mdudu mpaka pale, kisha mashua. Na kuna kuelea. Naam, ukijua uganga wake unapaa tu. Matajiri wachawi wa ukoo wa Telvanni wanaishi ndani ya uyoga mkubwa usio na ngazi, kwa sababu kwa maoni yao asiyeweza kupaa hana sababu ya kuwatembelea. Dharau hiyo imejengwa kwenye kuta, hakuna aliyehitaji kuieleza. Oblivion likaondoa kuelea, maana miji yake ilitengwa na nchi iliyoizunguka na mtu anayeruka ukuta angeiona hila hiyo. Ili kuficha aibu, waandishi wakatunga sheria ndani ya hadithi kwamba kuelea kumepigwa marufuku.

Karibu na Seyda Neen, ukifuata barabara, utasikia yowe na mtu ataanguka kutoka mbinguni na kufa mbele yako. Ni mganga aliyetengeneza hati za kurukia mbali sana akasahau kufikiria kutua. Hati zake unazikuta mfukoni mwake. Unaweza kuzitumia, na utajifunza kama yeye alivyojifunza, au utatafuta namna ya kutua salama na kuvuka kisiwa kwa miruko miwili. Gemu linakuachia.

Uhuru huo unafika mahali ambapo magemu mengi hayathubutu. Unaweza kumuua mtu yeyote, hata yule ambaye bila yeye hadithi kuu haiendelei. Ukimuua, linatokea tangazo kwamba uzi wa bishara umekatika. Ama urudi kwenye mchezo uliohifadhi, ama uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu mwenyewe. Kisha gemu linakuacha uendelee. Katika Skyrim, gemu la mfululizo huohuo la mwaka 2011, watu wa namna hiyo hawafi. Unawakata kwa upanga, wanapiga goti, wanapumua, wanainuka. Na kwa upande wa pili, anayejua la kufanya anaweza kwenda moja kwa moja Red Mountain na kulimaliza Morrowind chini ya dakika kumi. Hakuna mlango uliofungwa kwa sababu mwandishi hajamaliza kukuhadithia.

Lakini kinachonirudisha mimi ni watu na siasa zao. Wenyeji wa kisiwa, jamii ya Dunmer wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu, hawakupendi. Wewe ni mgeni, umetumwa na dola ya kigeni, na watakwambia hivyo usoni. Wana koo kuu, tatu kati yake unaweza kujiunga nazo, na kila ukoo una ulafi au kiburi chake. Wana hekalu lenye miungu watatu walio hai, mmoja wao akiitwa Vivec na mji mzima ukibeba jina lake. Na nyikani kuna wahamaji wa Ashlands, makabila manne, wanaosema miungu hao ni waongo na wauaji.

Hapo ndipo hadithi kuu ilipo. Zamani palikuwa na jemadari aitwaye Nerevar. Hekalu linasema alikufa kwa majeraha ya vita. Wahamaji wanasema aliuawa na washauri wake watatu, ambao kisha waliiba nguvu za moyo wa mungu uliozikwa chini ya mlima, wakajifanya miungu. Wewe huenda ndiwe Nerevar aliyezaliwa upya. Huenda. Wapo waliokutangulia wakidhani ni wao, na pango la bishara limejaa mizimu yao. Gemu halikwambii ukweli ni upi. Limekuachia rundo la vitabu, vya makuhani, vya wapinzani, vya wanahistoria wa dola, na vinagongana. Mwandishi Michael Kirkbride alitunga Mahubiri 36 ya Vivec, maandishi mazito ambayo nusu yake siielewi mpaka leo, na ndani yake akaficha fumbo la namba. Anayelifumbua anasoma ungamo la mungu mwenyewe. Mtu anaweza kucheza gemu hili mara nyingi asijue kwamba jambo hilo limo.

Ili kuwafikia wahamaji, shujaa wetu hapewi upanga. Anatumwa kwa mzee mmoja mjini Ald'ruhn, mfanyabiashara aliyezaliwa nyikani, akajifunze adabu. Kwanza aulize watu mjini mzee anapenda nini, na jibu ni mashairi. Basi mwokozi wa kisiwa anazunguka kwa wauza vitabu kutafuta diwani ya kumpelekea mzee zawadi ili apate kuzungumza naye. Mzee akisharidhika anamfundisha: usiingie hemani bila kukaribishwa, zawadi hutangulia, ukikataliwa ondoka. Tuliolelewa kwa hodi na karibu hatuoni ajabu, lakini katika magemu ambayo shujaa huingia nyumba za watu na kupekua mitungi yao bila hata salamu, kazi hii ni ya peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji wa Pwani atalitambua upesi. Kisiwani kuna utumwa. Dola inaupinga kwingine kote, lakini hapa, kwa mkataba wa amani na wenyeji, imeuruhusu uendelee ili ipate kutawala bila vita. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria haikutoka mpaka 1897, hivyo hatuhitaji kuambiwa kwamba dola inayohubiri uhuru inaweza kufumba jicho kwa miaka. Morrowind linalijua hilo na halikuhubirii. Kuna mtandao wa siri wa kutorosha watumwa, unaweza kuusaidia, unaweza pia kujiunga na wenye mashamba. Lakini hapa naanza kulilaumu: hata ukifungua pingu za kila uliyemkuta, biashara haitikisiki. Bwana aliyenyang'anywa watu wake anakusalimu kesho yake kama jana.

Na tukishafika kwenye lawama, zipo za kutosha.

Turudi kwa kaa. Ken Rolston alitoka kwenye michezo ya mezani, ile ya karatasi na dadu, na Morrowind lina dadu lake lililofichwa. Kila unapopiga, kompyuta inajumlisha ujuzi wako wa silaha, sehemu ya wepesi wako na kidogo cha bahati yako, kisha inazidisha kwa pumzi uliyonayo. Tuseme ujuzi wako ni 30, wepesi 40 na bahati 40. Ukiwa na pumzi kamili, nafasi ya kupata ni kama asilimia 52. Ukiwa hoi, inashuka hadi kama 31, na hapo hatujahesabu ukwepaji wa adui. Kukimbia kunamaliza pumzi. Kwa hiyo mgeni anamwona kaa, anamkimbilia, anafika ametweta, anapiga hewa. Hesabu yenyewe haina ubaya. Mezani, dadu likikataa, msimamizi wa mchezo anakwambia adui karuka pembeni. Hapa hakuna anayeruka. Kisu kinapita mwilini na hakuna kilichotokea. Macho yanaambiwa hili na hesabu inasema lile. Huo si ugumu wenye faida, ni kazi iliyoachwa nusu.

Kukua kwa mhusika nako kumepinda. Kuna ujuzi wa aina 27, na kila mmoja hukua kwa kutumiwa, jambo la busara. Lakini unapopanda daraja, kiasi cha nguvu au akili unachoongezewa kinategemea ni ujuzi gani uliukuza tangu daraja lililopita. Asiyejali hana tatizo. Anayejali anageuka karani, anaandika pembeni kwamba leo sipigi mkuki, nitarukaruka njiani mpaka hesabu ya nguvu ifike kumi. Na uganga wa dawa umeachwa wazi kabisa: chemsha dawa ya akili, inywe, kwa akili hiyo chemsha nyingine kali zaidi, inywe, endelea. Saa moja baadaye una akili ya maelfu na kila kitu kimeisha ladha. Wengine huona hilo kuwa raha. Mimi huona mlango uliosahauliwa kufungwa.

Kibaya kuliko vyote ni mazungumzo. Nimeyasifu maandishi yake, na nayasifu tena, lakini yamegawanywa kwa mada kama kamusi. Muulize mwuza samaki wa Balmora juu ya mji, atakupa aya nzuri. Muulize mlinzi: aya ileile, neno kwa neno. Muulize mlevi kilabuni: ileile. Watu waliojaa historia kiasi hicho hawana sauti zao. Tena hawalali. Mwenye duka anasimama nyuma ya meza yake mchana na usiku, mvua na majivu. Na ukimwibia kitu leo, mwezi ujao ukampelekea kitu cha aina hiyohiyo ulichonunua kwa fedha yako mahali pengine, anakurukia kwamba ni chake.

Wenye maduka hao hawana fedha pia. Utapata kofia ya kale yenye thamani ya makumi ya maelfu, na hakuna wa kuinunua. Mnunuzi tajiri kuliko wote kisiwani ni kaa mmoja anayezungumza, amekaa peke yake kando ya maji na dhahabu 10,000. Utani mzuri, ila uchumi hauwezi kusimama juu yake.

Daftari nalo, lilipotoka mara ya kwanza, liliandika kila kitu kwa tarehe tu. Ukiwa na kazi ishirini, maelekezo ya ile uliyopewa majuzi yamezikwa kurasa themanini nyuma. Gemu linalokutegemea usome halipaswi kukuficha ulichoandikiwa. Walilirekebisha kwa nyongeza ya Tribunal mwishoni mwa mwaka uleule. Ndege wa majabali, cliff racer, hawakurekebishwa. Wanakuja mmoja mmoja kutoka juu, hawana mwisho, na muziki wa Jeremy Soule, mzuri jamani, unakatwa na ngoma za vita kila mmoja wao anapokuona kabla wewe hujamwona. Kero hiyo ilienea kiasi kwamba katika Oblivion watungaji walizusha habari kwamba Jiub, yule mfungwa anayekuamsha melini mwanzo wa Morrowind, aliwafukuza ndege hao kisiwani akafanywa mtakatifu. Kuomba radhi kwa namna yake.

Na mwisho wa hadithi. Adui mkuu, Dagoth Ur, amekaa ndani ya mlima na alikuwa rafiki wa Nerevar. Anakuandikia, anakujia ndotoni, na ukimfikia hakurukii. Anakukaribisha, anakuuliza maswali, anakujibu yako. Hoja zake si za kipumbavu: anataka kuifukuza dola, nawe umekwisha kuiona dola. Gemu lililokuruhusu kuua yeyote, kuiba popote na kuharibu bishara, hapo tu linakunyima. Huwezi kukubali. Unazungumza naye, kisha mnapigana. Sitarajii mambo yote katika gemu moja, lakini hilo ndilo nililolitaka kuliko yote.

Kwa anayetaka kujaribu, habari ni njema. Gemu hili lililochosha kompyuta za mwaka 2002 sasa linakwenda bila taabu kwenye kompyuta ya mitumba isiyoweza hata kufungua magemu mapya. Bethesda waliliuza pamoja na zana zao za kujengea, na tangu hapo wapenzi hawajaacha kuongeza ardhi, kusahihisha hitilafu na kuchora upya nyuso. Kundi la Tamriel Rebuilt lilianza kazi hata kabla gemu halijatoka, na bado linajenga bara lililo ng'ambo ya kisiwa. Wengine wameandika upya injini yake, wakaiita OpenMW, programu ya wazi isiyolipiwa. Ukishakuwa na nakala yako halali ya gemu, inaliendesha vizuri zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani, na wapo wanaolichezea kwenye simu za Android.

Ukianza, mchague mhusika ambaye kabila lake lina kipaji cha silaha moja, na silaha hiyo uiweke kati ya ujuzi wako mkuu. Kisu ulichokiokota ofisini usikitegemee kama hukusomea visu. Tembea, usikimbie, hasa ukimwona kaa. Hifadhi mchezo mara kwa mara. Usimkimbilie yule mdudu wa usafiri. Balmora nenda kwa miguu, soma vibao vya njiani. Ukifika, nyumba ya Caius Cosades waulize kwenye kilabu cha South Wall, ng'ambo ya mto. Nisikuelekeze zaidi ya hapo.